Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: wapimeni ndugu mapema, na nchi iwe na daftari la wachangiaji wa uloto

Kwa viongozi wote mnaosimamia matibabu ya kibingwa, huduma za damu salama na bima ya afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Waheshimiwa,

YAH: UPIMAJI WA ULINGANIFU WA KINGA KATI YA WACHANGIAJI NA WAPOKEAJI WA ULOTO

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mama wa binti mwenye selimundu, yaani sikoseli, na mmoja wa wazazi wanaokutana kliniki na kupeana habari wakati wakisubiri dawa. Tulianza kwa utaratibu wa kawaida: tuliandika barua, tukaipeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri wa kupokelewa, na kila tulipofuatilia tukaambiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Jibu la maandishi halijatufikia. Hospitali na ofisi zilizohusika sitazitaja, kwa kuwa sina nia ya kumchongea mtumishi yeyote, na kwa kuwa upungufu ninaoueleza ni wa mfumo mzima. Nimeamua kuandika hadharani ili wazazi wengine nao wajue cha kuuliza mapema kuliko tulivyojua sisi.

Yaliyofanyika tunayatambua. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto, yaani uboho ulio ndani ya mifupa ambao hutengeneza damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Kwa nchi ambayo kila mwaka huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huu, hatua hizo zilitupa matumaini ambayo wazazi wetu hawakuwahi kuwa nayo. Lakini vyumba maalumu, mashine na madaktari waliosomeshwa kwa gharama kubwa havitamsaidia mtoto asiye na mchangiaji anayelingana naye, na hapo ndipo kilio chetu kilipo.

Naomba nieleze kwa kifupi ulinganifu huo ni nini, maana wazazi wengi, na wakati mwingine hata watumishi wa afya, wanadhani ni suala la kundi la damu. Sivyo. Mtoto wa kundi O anaweza kupandikizwa uloto wa ndugu yake wa kundi A, mradi madaktari wachukue tahadhari zinazojulikana. Kinachotazamwa kwanza ni protini ziitwazo HLA, zilizo juu ya karibu kila seli ya mwili yenye kiini, ambazo kinga huzitumia kupambanua kilicho chake na kilicho kigeni. Jean Dausset, mwanasayansi wa Ufaransa, aliitambua ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Jeni zake ziko karibu karibu kwenye kromosomu ya 6, kwa hiyo kwa kawaida hurithiwa kama seti nzima: kila mzazi ana seti mbili na humpa mtoto moja. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, nafasi moja kati ya mbili ya kulingana nusu, na nafasi moja kati ya nne ya kutolingana kabisa. Jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, kwa hiyo mambo hayo mawili hayafuatani. Ndugu anaweza kulingana na mgonjwa huku naye akiwa mgonjwa, au akawa mzima asilingane. Ndugu mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaruhusiwa kuchangia.

Kwa mgonjwa anayepandikizwa figo, hofu kubwa ni mwili wake kuikataa figo hiyo. Kwa uloto hofu ina pande mbili, kwa sababu kinachohamishwa ni kiwanda chenyewe cha kinga: mwili wa mpokeaji unaweza kuzikataa seli shina alizopewa, yaani seli za uloto zinazozalisha damu, na seli za kinga za mchangiaji zinaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji, zikaanza na ngozi, ini na utumbo. Ulinganifu ukiwa kamili hatari zote mbili hupungua sana. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa uloto wa ndugu wanaolingana nao kikamilifu, na baada ya miaka mitano takriban asilimia 93 walikuwa hai, na takriban asilimia 91 walikuwa hai bila pandikizi kushindwa. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba kadiri mgonjwa alivyopandikizwa akiwa mdogo, ndivyo matokeo yalivyokuwa mazuri zaidi.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Ndugu hupimwa mwisho badala ya kupimwa mwanzo.

Familia zetu nyingi bado zina watoto kadhaa, na katika jambo hili huo ni utajiri. Mtoto mwenye ndugu watatu wazima wa baba mmoja mama mmoja ana uwezekano wa takriban asilimia 58 kwamba angalau mmoja wao atalingana naye kikamilifu. Wakiwa wanne, uwezekano hufika asilimia 68. Kipimo chenyewe huhitaji damu kidogo kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, au pamba iliyopanguswa ndani ya shavu, na hufanywa mara moja kwa maisha yote kwa kuwa HLA hazibadiliki. Hata hivyo, wazazi wengi ninaowafahamu walisikia habari ya kipimo hiki kwa mara ya kwanza baada ya mtoto kupata kiharusi, au baada ya nyonga kuharibika, au siku ambayo jina la mtoto lilianza kufikiriwa kwa rufaa ya nje ya nchi. Kwa wakati huo umri umekwenda, damu nyingi imeshaongezwa, na faida kubwa ya kupandikiza mapema imeshapotea.

2. Namna tunavyoongezewa damu inawafungia watoto milango ya uloto.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, nami naomba mlisome kwa utulivu. Binti yangu ameongezewa damu mara nyingi tangu utotoni, na bila damu hiyo asingekuwa hai. Siku moja akiba ilipokuwa imekwisha tuliambiwa tulete ndugu wa kuchangia, kama inavyofanyika kwenye hospitali nyingi. Baba yake alilala kitandani akatoa damu, na kwa kuwa makundi yalipatana, chupa ile ile ikatundikwa kwa mtoto. Tulishukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba mgonjwa ambaye huenda siku moja akapandikizwa hatakiwi kuongezewa damu ya ndugu zake wa karibu, kwa sababu kinga yake inaweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia, dhidi ya HLA za watu wale wale ambao kesho watahitajika kuwa wachangiaji wake.

Miaka mingi baadaye tulipata karatasi ya majibu kutoka maabara ya nje. Ilikuwa na safu za herufi na tarakimu kwa kila mwanafamilia. Kwa binti yangu na baba yake kulikuwa na B*42:01, ambalo ni jina la aina mojawapo ya HLA. Kwa baba yake na kaka zake wawili kulikuwa na B*53:01, ambayo binti hakuirithi. Kaka mmoja alilingana naye nusu kwa seti aliyorithi kwangu, na wa pili hakulingana naye hata kidogo. Mimi nina tatizo la moyo linalonizuia kuchangia. Basi tukaambiwa tuitazame njia ya kupandikiza kwa mchangiaji anayelingana nusu, ambayo madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, ni miongoni mwa walioiendeleza kwa kumpa mgonjwa dawa ya saiklofosfamaidi siku chache baada ya kumpandikiza. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliowahusisha watu wazima 42 wenye selimundu waliopandikizwa kwa njia hiyo, asilimia 95 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Matumaini yetu yalirudi, kisha likaja jibu la kipimo cha mwisho: damu ya binti yangu ina kingamwili nyingi dhidi ya B*53:01. Kwa jibu hilo, baba yake na kaka yake anayelingana naye nusu wote wawili wakawa wachangiaji wa hatari. Zipo tiba za kujaribu kupunguza kingamwili hizo, lakini ni ghali na hazina uhakika.

Siwezi kuthibitisha kwamba chupa ile moja ndiyo iliyosababisha hali hiyo, wala sitamlaumu muuguzi aliyeitundika usiku ule akiokoa maisha. Ninachojua ni kwamba hatari hii inafahamika tangu zamani na kwamba inapunguzika. Chembe nyeupe, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, zilizomo ndani ya damu ndizo zinazobeba HLA kwa wingi, na vipo vichujio vinavyoondoa chembe nyeupe kabla damu haijamfikia mgonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliokuwa wakiongezewa chembe sahani, ulionyesha kwamba waliopata kingamwili za aina hii walikuwa asilimia 45 pale ambapo hakuna kilichofanyika, lakini walishuka hadi kati ya asilimia 17 na 21 pale ambapo chembe nyeupe zilichujwa au kudhoofishwa kwa mionzi ya urujuanimno. Ni karibu miaka thelathini sasa tangu majibu hayo yatoke.

3. Hatuna daftari la taifa la wachangiaji wa hiari.

Duniani kote wameandikishwa zaidi ya wachangiaji milioni 40, na mtu anaweza kudhani kwamba kwa idadi hiyo kila mgonjwa hupata wake. Ukweli ni mwingine. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2014 kutokana na daftari la Marekani zilionyesha kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata mchangiaji anayelingana naye kikamilifu, ilhali kwa makundi mbalimbali ya watu weusi uwezekano ulikuwa kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ya kwanza ni kwamba watu wetu ni wachache kwenye madaftari hayo. Sababu ya pili imo ndani ya miili yetu: Waafrika tuna aina nyingi zaidi za HLA kuliko watu wa bara lingine lolote, kwa kuwa binadamu ameishi hapa muda mrefu kuliko kwingineko na kwa kuwa magonjwa yametuchuja kizazi baada ya kizazi. Hiyo B*53:01 niliyoitaja ilihusishwa, katika utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 1991, na kuwakinga watoto dhidi ya malaria kali. Malaria hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya jeni ya selimundu ienee katika ukanda wetu wa ziwa na pwani. Ugonjwa uliowapa watoto wetu selimundu umechangia pia kuifanya kazi ya kuwatafutia wachangiaji kuwa ngumu, na kwa hiyo mchangiaji wa mtoto wa Geita au Tanga ana nafasi kubwa zaidi ya kupatikana Geita, Tanga, Kisumu au Jinja kuliko katika daftari la Ujerumani.

Afrika Kusini ina daftari lake tangu mwaka 1991, na Nigeria ilianzisha lake mwaka 2012. Sisi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna watu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mipaka tu, na tuna vijana wanaojitokeza kutoa damu mashuleni na vyuoni kila mwaka. Kijana huyo huyo anayetoa damu leo angeweza kuulizwa kama yuko tayari kuandikishwa.

4. Sampuli zinasafirishwa nje, na vifaa vilivyopo havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi.

Vifaa vya bei nafuu vya kupima HLA vilitengenezwa kwa kufuata zaidi aina zinazojulikana Ulaya, na vinaweza kuacha utata kwa aina zetu. Maabara inayosoma mfuatano wa vinasaba kwa kina inahitajika hapa nchini. Wataalamu wa baiolojia ya molekuli tunao. Wakati wa UVIKO-19 tuliona maabara zetu zikisoma vinasaba vya virusi.

5. Hakuna mwongozo wa kulinda siri za familia.

Kipimo hiki kinaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayemlea. Tusijifanye hatulijui hilo. Wapo akina mama wanaokataa watoto wao wapimwe kwa hofu hiyo, na wapo waliovunjiwa ndoa kwa jibu lililosomwa kwa sauti mbele ya watu kwenye korido. Mtoto mgonjwa ndiye anayelipia hofu hizo. Familia inatakiwa kupewa ushauri nasaha kabla ya kipimo, na daktari aruhusiwe kutoa jibu linalohitajika kwa matibabu pekee, yaani nani analingana na nani halingani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo tayari; kilichobaki ni kuandika mwongozo wa kliniki unaoifuata.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine tumeshayasikia kwa mdomo.

Mtasema fedha hazitoshi. Tunaelewa kwamba hazitoshi kwa kila kitu. Lakini mtoto mwenye selimundu kali hulazwa, huongezewa damu, hupigwa picha na kupewa dawa za maumivu mwaka hadi mwaka, na gharama hizo zinalipwa na bima ile ile au na mzazi yule yule. Kipimo kinachofanywa mara moja katika maisha, kikawekwa kwenye kumbukumbu za mgonjwa, ni nafuu mno kikilinganishwa na gharama hizo.

Mtasema haidroksiyurea inatosha. Haidroksiyurea ni dawa nzuri, binti yangu anaitumia, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulithibitisha kwamba inawafaa watoto wa Afrika. Tunataka kila mtoto aipate. Hata hivyo wapo ambao haiwatoshi, na daktari hawezi kujua mapema ni yupi atakayekuja kuhitaji uloto.

Mtasema tusubiri tiba ya kurekebisha jeni, ambayo haihitaji mchangiaji kwa kuwa mgonjwa hutumia seli zake mwenyewe. Tiba ya kwanza ya aina hiyo kwa selimundu iliyotumia mkasi wa vinasaba wa CRISPR iliidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani kati yetu atamwambia mzazi wa Sengerema asubiri hiyo?

Mtasema wananchi wataogopa. Wataogopa iwapo hawataelezwa. Wakiambiwa kwamba seli shina hutolewa kwenye mfupa wa nyonga mchangiaji akiwa amelazwa usingizi, au kwenye mshipa wa mkono baada ya siku chache za sindano, kwamba uti wa mgongo hauguswi, na kwamba mwili hurudisha kilichotolewa, wengi watakubali. Watanzania wamejitokeza kuchangia damu kila walipoombwa kwa lugha wanayoielewa.

Tunachoomba ni hiki. Kila mtoto anayegundulika kuwa na selimundu, pamoja na ndugu zake wa baba mmoja mama mmoja, apimwe HLA mapema, na utaratibu wa Bima ya Afya kwa Wote kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2023 ugharimie kipimo hicho. Utolewe waraka kwa hospitali zote, kuanzia za wilaya, unaokataza mgonjwa wa selimundu kuongezewa damu ya wazazi au ndugu zake isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha, na damu inayotengwa kwa wagonjwa hawa ipitishwe kwenye kichujio cha chembe nyeupe, tukianzia na hospitali za kanda. Iwepo angalau maabara moja ya umma inayopima HLA kwa kina pamoja na kingamwili zake. Uanze usajili wa wachangiaji wa hiari kwa majaribio katika kanda mbili ambako selimundu imeenea, kwa ridhaa ya maandishi na kwa marufuku ya kuuza uloto, huku mazungumzo na Kenya na Uganda yakiendelea ili madaftari yetu yasomane tangu siku ya kwanza. Utolewe mwongozo wa ushauri nasaha na usiri niliouzungumzia.

Hifadhi ya damu ya kitovu sijaiweka kwenye maombi haya, ingawa huhitaji ulinganifu mdogo zaidi, kwa sababu kuiendesha ni gharama kubwa na seli zinazopatikana kwenye kitovu kimoja mara nyingi hazimtoshi mtu mzima. Hilo linaweza kuja baadaye.

Kati ya maombi yetu, waraka wa kukataza damu ya ndugu wa karibu hauhitaji bajeti, mashine wala sheria mpya. Unahitaji sahihi ya kiongozi mmoja, na kila wiki unapocheleweshwa kuna mtoto anayetundikiwa chupa ya damu ya baba yake. Tunaomba waraka huo utolewe ndani ya siku 30, na kwa mengine tunaomba tujibiwe kwa maandishi: nani amekabidhiwa kazi hiyo, na ataikamilisha lini. Wazazi tuko tayari kuitwa, kueleza tuliyopitia na kusaidia kuelimisha familia nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa binti mwenye selimundu, kwa niaba ya wazazi wenzake,
Mwanza